Waliofungwa Waya Mmoja

"Mie siendi," Luqman alisema kutoka ndani ya fuko la kulalia. Kilichoonekana kwake ni pua peke yake. "Sema nina woga, sema lolote utakalo, siendi. Kichwa kinanipasuka tangu jana, na miguu siisikii."

"Mwabungo hukusema hivyo," dada yake alimjibu.

"Mwabungo kulikuwa na jua, dada."

Twaiba alicheka kidogo, pumzi ikamtoka nyeupe kama mvuke wa birika. Alikuwa amekwisha kuswali alfajiri, soksi jozi tatu miguuni, na sasa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mbao ndani ya kibanda cha mawe, akijifunga mtandio juu ya kofia ya sufi. Siku mbili walikuwa njiani kutoka pwani, na siku mbili nyingine wakipanda Mlima Kenya kwa miguu mpaka kufika hapa. Luqman, mdogo wake, ndiye aliyemsindikiza, kwa kuwa mama yao alisema msichana hafuati mtu mlimani peke yake. Na sasa msindikizaji ndiye aliyeshindwa.

"Nitapandaje bila wewe? Mama atasemaje?"

"Mama hayupo. Tena sikiliza, dada. Wewe utakuwa umefungwa kwenye waya wa chuma, na huyo mtu wako atakuwa amefungwa kwenye waya wa chuma. Hata shetani hapati pa kupita hapo katikati." Pua ikaingia ndani, ikatoka tena. "Na usisahau leo ni Ijumaa."

Angewezaje kusahau? Leo, baada ya swala ya Ijumaa, wazee wa Mbarak wa Lunga Lunga wangekuja nyumbani Mwabungo kupokea jibu. Mbarak hakuwa mtu mbaya. Alifiwa na mke, alikuwa na malori mawili ya kuvusha mizigo mpakani, na alipoleta posa alisema kwa heshima kwamba hataki mwanamke aletwe kwake analia. Mama yake Twaiba, Bi Mwanatumu, aliipenda kauli ile. Lakini alimjua binti yake. Siku ya kuagana alimshika mikono yote miwili akamwambia:

"Nenda ukamwulize huyo mtu swali lako, ulimalize. Miaka mitatu inatosha. Kabla watu hawajafika kwangu unipigie simu uniambie ndiyo au la. Usipopiga, mwanangu, nitajua umenyamaza. Na msichana akinyamaza unajua tunasemaje."

Twaiba alijua. Msichana wa kwao akiulizwa habari ya kuolewa, akainamisha kichwa asijibu, wazee husema alhamdulillahi, amekubali.

Pale kibandani simu haikushika mtandao hata kidogo. Wapagazi walimwambia hushika kule juu kileleni tu, tena siku ikiwa njema.

Mlango ukagongwa.

"Luqman na mwenzake," sauti ya mwanamume ilisema kutoka nje. "Mikanda iko tayari. Tukichelewa upepo utatuwahi."

Twaiba alisimama. Sauti ile ilikuwa na uzito uleule wa Kikamba aliokuwa akiufanyia mzaha zamani, katika kibanda chake cha cherehani pale Ukunda. Mwenye sauti aliingia siku moja na overoli iliyochanika gotini, akasema yeye ni fundi wa kupanda minara ya simu, anaitwa Muange, kwao ni kwenye mashamba ya skimu waliyogawiwa watu wa bara kule nyuma ya Msambweni, na je, dada anaweza kumshonea goti? Goti lilishonwa. Juma lililofuata lilichanika goti la pili. La tatu Twaiba aliona wazi kwamba limekatwa kwa kisu.

Alifungua mlango.

Muange alikuwa ameinama anapanga mikanda na kulabu juu ya jiwe. Alikuwa amekonda, mashavu yamebabuka kwa baridi. "Luqman ni yupi?" aliuliza bila kutazama.

"Yumo ndani, hawezi. Nitapanda mimi."

Mkono wake ulisimama palepale ulipokuwa. Kisha polepole akainua uso, na Twaiba, ambaye hakuachwa wazi ila macho tu, alitazamwa machoni mpaka akatamani kurudi ndani.

"Twaiba."

"Ndiye."

"Umefuata nini huku?"

"Nimefuata kupanda, kama wengine. Rafiki yangu Warda alikuona katika picha ya mgeni mmoja pale hotelini Diani. Akaniambia, yule Mkamba wako siku hizi ni kiongozi wa njia ya waya wa chuma huko mlimani. Nikamwambia Luqman atuandikishe." Alivuta pumzi. Hewa ya kule haikushibisha. "Na nina swali moja. Nitakuuliza nikipata pumzi."

Muange alitazama mlima, akatazama tena chini. Alitandaza mkanda ardhini, matundu mawili ya miguu yakiwa wazi.

"Ingiza mguu huu hapa. Na huu hapa. Sasa uvute mwenyewe mpaka kiunoni." Alirudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, akawa anamwelekeza kwa mdomo tu, wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza. Hakumgusa hata kwa kidole. Mwishoni akasema, "Vuta kwa nguvu, kama unataka kukata. Haukatiki? Vizuri." Akatoa glavu za sufi nyekundu mfukoni mwa koti. "Zako nyembamba. Vaa hizi ndani, zako ziwe juu."

Zilikuwa na joto la mwili wake.

Njia ile ilianzia penye jabali lililosimama wima. Waya mnene wa chuma ulipanda juu yake kama mshono mrefu kwenye kanzu, umeshikizwa na misumari mikubwa iliyopigwa mwambani kila baada ya hatua kadhaa, na pembeni kulikuwa na vidato vya chuma vya kukanyagia. Mshono uliishia wapi hakupaona, maana ukungu ulikuwa umeula.

"Una kulabu mbili," Muange alisema. "Zote zinakaa kwenye waya. Ukifika kwenye msumari unahamisha moja, halafu ya pili. Kamwe usizitoe zote mbili kwa pamoja. Na kati ya msumari na msumari anakaa mtu mmoja tu. Mimi nitatangulia. Ukiniona nimepita msumari, ndipo na wewe unakuja. Usinisogelee zaidi ya hapo."

"Hata nikiogopa?"

"Ukiogopa hasa. Wakianguka wawili mahali pamoja, chuma hakiwezi."

Basi wakaanza. Alitangulia yeye, na kila alipovuka msumari aligeuka kidogo na kusema, "Njoo." Twaiba alihamisha kulabu moja, ikalia tak, akahamisha ya pili, tak, akakanyaga kidato, akavuta mwili. Alivihesabu vidato mpaka ishirini, thelathini. Baada ya hamsini aliacha kuhesabu. Kidato kimoja kilikuwa na barafu, akajifunza kukanyaga kwa ubavu wa kiatu kama alivyoona anafanya. Mara moja alitazama chini, akaona paa la kibanda dogo kama sanduku la kiberiti, akaushika waya kwa mikono miwili.

"Tazama mwamba," sauti ilitoka juu. "Huko chini hakuna kitu chako."

"Na huko juu kipo?"

Upepo ulipita katikati yao, ukaendelea na safari yake.

Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kuwa karibu na mtu akawa mbali naye. Kwa muda wa saa mbili Twaiba aliona visigino vya viatu vya Muange, aliona ncha ya shati iliyochomoza nyuma ya koti, akaona mshono umefumuka pale na vidole vikamwasha kwa kutaka kushona. Waya ulitikisika alipoushika Muange, na mtikisiko ule ukamfikia yeye mikononi. Lakini kila alipofika penye msumari, Muange alikwisha kuuacha.

Saa nne na nusu walifika kwenye ukingo wa mwamba, mpana kama baraza ya duka. Muange alikaa, miguu ikining'inia. Twaiba akakaa upande wake wa msumari, na ule msumari ukabaki katikati, kila mmoja na kulabu zake.

"Kunywa maji," alisema.

"Pumzi ninayo sasa. Nataka kuuliza."

Muange alifumba macho. "Uliza."

"Kwa nini hukuleta wazee?"

Alifumbua macho akamtazama kana kwamba amemwagiwa yale maji. "Wazee waje kufanya nini?"

"Si ulisema utaleta? Ulikuja nyumbani, ukaniambia uani, mama yangu yuko jikoni anasikia kila kitu. Ulisema umeanza kusoma dini kwa maalim, umekwisha kugombana na mama yako Jecinta kwa ajili hiyo, na kwamba kama mimi niko radhi Jumamosi utaleta wazee. Au si wewe?"

"Ni mimi. Nikakuuliza, Twaiba, nikija utanikubali? Na wewe ukanikataa."

"Nilikukataa lini?"

"Papo hapo!" Sauti yake iligonga mwamba ikarudi. "Uliinamisha kichwa. Ukavuta leso ukajifunika uso. Hukusema neno moja. Ukaingia ndani. Nilisimama pale uani mpaka kuku wakanizoea. Mama yako akatoka akanipa maji, sikuweza kuyameza."

"Nilinyamaza, Muange."

"Najua ulinyamaza! Mimi ndiye niliyenyamaziwa."

Twaiba hakujua kama acheke au alie. "Msichana wa kwetu akiulizwa akanyamaza," alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto, "amekubali. Hivyo ndivyo anavyokubali. Aseme ndiyo kwa mdomo mkavu kama anaitikia mauzo ya samaki? Mama alitoka kukupa maji kwa furaha. Nilipoingia ndani alinikumbatia."

Muange aliugusa msumari uliokuwa katikati yao.

"Kwetu," alisema, "msichana asiyekutaka, na ana huruma, hakuaibishi kwa maneno. Ananyamaza na kuondoka. Wewe uelewe mwenyewe, uende zako."

"Kwani maalim hakukwambia?"

"Maalim alinifundisha kutawadha. Habari za wasichana hatukuzifikia."

Ndipo Twaiba akacheka. Alicheka mpaka akaegemea mwamba, na machozi yakamtoka yakapoa shavuni palepale. Muange naye alianza kucheka, kisha akaziba uso kwa viganja.

"Jumamosi ile," Twaiba alisema, na kicheko kilikuwa kimekwisha, "tulitandika mikeka tangu asubuhi. Shangazi zangu walitoka Waa na sinia mbili za mahamri. Mama alipaka chokaa ukuta wa mbele. Ilipofika magharibi alisema labda gari limeharibika. Jumapili tukatandika tena. Jumatatu shangazi mkubwa akasema, hawa watu wa bara ndivyo walivyo. Mama akakunja mikeka peke yake, hakutaka nimsaidie."

"Jumamosi ile nilikuwa juu ya mnara wa Waa," Muange alisema. "Na Jumapili pia, ingawa hapakuwa na kazi. Huko juu unaiona barabara yote. Nilisema, akituma hata mtoto aje kuniita nitamwona. Jumatatu nikapata habari kwamba huku wanatafuta fundi wa kukaza nyaya. Nikaitupa laini ya simu, nikapanda gari."

"Mimi nikutume mtoto? Mimi mwanamke nikuite?"

"Sikujua, Twaiba."

"Na mimi sikujua."

Ndege mmoja mweusi alitua karibu, akawatazama, akaona hawana chakula, akaruka. Twaiba alitaka kunyoosha mkono. Ungefika tu, maana palikuwa padogo. Hakuunyoosha, Muange naye hakuunyoosha wake, na Twaiba aliona jambo hilo likampiga kifuani kwa baridi isiyo ya mlima. Mtu aliyetafutwa miaka mitatu, aliyekwisha kusafishwa kosa lake mbele ya macho yako, mbona hanyooshi mkono?

"Twende," Muange alisema akisimama. "Mbele pana pagumu. Upepo umegeuka."

Pagumu penyewe palikuwa mahali ambapo mwamba umetokeza nje kama tumbo, na waya ukapita juu ya tumbo lile. Mtu alipaswa kuuacha mwili uning'inie nyuma na kujivuta kwa mikono. Muange alipita kama mtu anayeingia nyumbani kwake. "Njoo," alisema kutoka upande wa pili, asionekane.

Twaiba alihamisha kulabu moja, akahamisha ya pili, akakanyaga, akajivuta. Kiatu kikateleza. Hakukuwa hata na wakati wa kupiga kelele. Mwili ulishuka, mkanda ukambana mapajani na kiunoni kwa nguvu iliyomtoa pumzi, akawa ananing'inia kwa kulabu zake mbili na nchi yote iko chini ya nyayo zake.

"Twaiba!"

"Nipo," alisema, na sauti ilikuwa ndogo.

"Umeumia?"

"Sijui."

"Nisikilize. Siwezi kuja hapo ulipo, unajua kwa nini. Nipo hapa hapa. Mkono wa kulia, juu, kuna kidato. Usikitafute kwa macho. Papasa."

Alipapasa. Mwamba, mwamba, barafu, chuma. Alikishika. Glavu ya juu ilikuwa imemtoka ikaanguka, na ile nyekundu ya ndani ikanasa kwenye ncha ya waya uliofumuka, ikachanika kiganja kizima. Alijivuta. Hakuna aliyemvuta, alijivuta mwenyewe, akitaja jina la Mola wake kwa kila kidato, mpaka tumbo la mwamba likawa chini yake na akamwona Muange amepiga magoti upande wa pili wa msumari, uso wake hauna rangi.

"Nimeharibu glavu yako," Twaiba alisema.

"Si kitu."

"Imefumwa kwa mkono hii. Nani amekufumia?"

Muange alitazama pembeni.

"Nani, Muange?"

"Kavindu." Alilitoa jina lile kama mtu anayetoa mwiba. "Anafundisha watoto wadogo shule ya chini huko, penye kanisa letu. Kwao ni Machakos. Matangazo ya ndoa yetu yamesomwa Jumapili mbili. Jumapili hii ni ya tatu, ya mwisho."

Upepo ulivuma. Twaiba aliitazama ile glavu, nyuzi zake nyekundu zikitikisika kiganjani, na akaanza kuzikusanya na kuzichomeka ndani moja moja, kwa uangalifu, kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyompandisha mlima.

"Njoo," Muange alisema kwa sauti ya chini. "Pamebaki padogo."

Saa sita na dakika kumi walitoka kwenye ukungu wakakanyaga kilele. Hapakuwa pakubwa. Palikuwa na mawe, theluji kidogo penye kivuli, na njia nyingine upande wa pili, ile ya kutembea kwa miguu, wanayopanda wasiotaka waya. Mawingu yalijaa chini pande zote. Twaiba alitazama upande aliodhani ni wa pwani.

"Haionekani," Muange alisema. "Mimi hutazama kila ninapoleta watu. Hakuna siku imeonekana."

Sasa hapakuwa na msumari wala waya kati yao. Alisogea, akasimama hatua moja kutoka kwake.

"Sema neno moja," alimwambia. "Neno moja tu, na leo hii nitashuka nikamwambie Kavindu. Nitarudi kwa maalim. Mama yangu atalia, kisha atanyamaza, yeye ni mzazi. Jumapili haijafika, Twaiba. Bado siku mbili."

"Kavindu anazo habari zangu?"

"Anajua kulikuwa na mtu pwani. Sikumficha."

"Akasemaje?"

"Alisema, akija huyo mtu, uniambie mapema. Nisije nikasimama kanisani peke yangu, watu wote wananitazama."

Twaiba aliinamisha kichwa. Kisha akakumbuka alikuwa mbele ya nani, akakiinua haraka, akamtazama usoni, maana safari hii hakutaka ibaki hata chembe ya kukisiwa.

"Nisikilize vizuri, nakuambia kwa mdomo wangu. Nilikutaka siku ile. Nakutaka leo. Ningekukuta peke yako ningekwambia tushuke sasa hivi tumwamshe Luqman. Lakini sikuchukui."

"Kwa nini? Kosa halikuwa langu wala lako!"

"Wala lake. Jina lake limesomwa mbele ya watu mara mbili. Mimi najua mikeka ikitandikwa mtu asije inakuwaje. Niliona mgongo wa mama yangu akiikunja. Nikimfanyia hivyo mwanamke mwingine, Muange, nitalala nawe kila siku nikiuona mgongo ule."

"Na mimi je? Hakuna anayeniuliza mimi nitalalaje?"

"Najua utalalaje. Kama mimi."

Alisema hivyo taratibu, na Muange akageuka akaenda akasimama mwisho wa mawe, amempa mgongo. Mabega yalitikisika mara moja, mara ya pili. Twaiba alitamani mno kwenda kuyashika. Badala yake alitoa simu kifuani alikoificha isife kwa baridi. Vijiti viwili vya mtandao. Saa sita na dakika ishirini na tano. Alipiga.

"Twaiba!" Nyuma ya sauti ya mama yake kulikuwa na vyombo na sauti za wanawake. "Mwanangu, mbona mchana huu? Nimekwisha kutia sukari kwenye sharbati. Uko salama? Huyo Luqman anakula?"

"Tuko salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sema. Watu wako msikitini, wakitoka ni hapa."

"Waambie hapana."

Vyombo vikaacha kulia. Bila shaka mama alikuwa amejitenga navyo, akaenda uani.

"Umempata yule mtu wako?"

"Nimempata. Hakutudharau, mama. Alidhani nimemkataa, kwa kuwa nilinyamaza. Kwao ndivyo kulivyo."

"Ya Rabi." Mama alivuta pumzi ndefu. "Miaka mitatu namlaani mtoto wa watu bure. Basi na aje! Nitawaambia wazee wa Mbarak..."

"Haji. Ana mchumba, Jumapili ni mara ya mwisho kutangazwa kanisani. Nimemwacha."

Twaiba aliusikia mlango wa uani ukilia, ule usiotiwa mafuta.

"Basi mwanangu, si umchukue huyu Mbarak?" mama alisema kwa upole. "Umekwisha kuachana na huyo. Mbarak mtu mzima, ana adabu. Utabaki na nani?"

"Alisema hataki mwanamke anayelia. Mimi nitalia, mama. Sijui mpaka lini. Sitaki nikalie nyumbani kwa mtu mwema."

"Shangazi zako watanila nyama."

"Waambie Twaiba amesema mwenyewe. Hakunyamaza."

"Lo." Na tena, kwa sauti nyingine, "Lo, mwanangu." Kisha akakohoa, akarudi kuwa mama. "Umekula kitu?"

"Biskuti."

"Biskuti! Huko uliko unaona nini?"

"Mawingu tu. Yako chini yetu."

"Bahari je?"

"Siioni, mama."

"Haya. Shuka polepole. Sharbati nitawapa watu wanywe, sukari imekwisha kuingia, nifanyeje. Ukirudi utanikuta."

Simu ikakatika. Twaiba aliishika sikioni kwa muda mrefu baada ya hapo.

Sauti zikasikika upande wa njia ya miguu. Kijana na msichana, vijana wa Nairobi kwa sura na maneno yao, walichomoza wakihema na kucheka, wanavutana mikono. Msichana alipoona kibao cha kilele alipiga kelele akamrukia mwenzake shingoni, nusura waanguke wote wawili.

"Sista, please, tupigie picha," kijana alisema, akimpa Twaiba simu yake. "Tumefika! Siamini!"

Twaiba aliipokea. Glavu iliyochanika ilimzuia, akaivua. Aliwatazama ndani ya kioo, wamesimama penye mawe, mmoja huku, mwingine kule, wanajitengeneza nywele.

"Sogeeni," aliwaambia. "Bado. Sogeeni karibu zaidi."

Walisogea, mashavu yakagusana. Akapiga tatu, ili wasikose hata moja nzuri.

"Asante sana!" msichana alisema, akachukua simu, akamtazama yeye, kisha akamtazama Muange aliyekuwa amerudi na kusimama kimya na mikanda yake. Alitabasamu kama anayeigundua siri ya watu. "Na nyinyi je? Simameni hapo niwapige. Mmependeza."

Muange alimtazama Twaiba. Alikuwa amekwisha kupiga hatua moja kuelekea kwenye yale mawe.

"Asante, mdogo wangu," Twaiba alisema. "Huyu ni kiongozi wangu tu. Tunashuka."

Akamrudishia Muange glavu zake nyekundu zote mbili, akasema nyuzi za ile iliyochanika zote zimo ndani, yeyote ajuaye kufuma anaweza kuitengeneza. Kisha akatangulia kushuka kwa njia ya miguu.